Nani Hapa Ndiye Kibarua?

Wasee, leo nimekuja na maneno, na najua nusu yenu mtakasirika. Sawa tu.

Jumanne jioni nilikuwa kwa skwodi ya watu wanne. Waya zangu za masikio zimekufa upande mmoja, kwa hivyo nilikuwa nimeacha spika wazi. Nikawaambia, "Hii mechi ikiisha natoka, naenda kumchukua sistangu kwa stage, giza linaingia." Kimya kidogo. Halafu jamaa mmoja, sauti ya mtoto wa Form Two hivi, akasema, "Wachaneni na huyo. Huyo ni casual tu."

Mathe alikuwa jikoni anakata sukuma. Akatoa kichwa mlangoni, uso umejaa matumaini.

"Umepata casual? Wapi? Naivasha ama hapa tu Industrial?"

Nilicheka hadi nikauawa mle ndani. Lakini nikiwa njiani kwenda stage lile swali lilikataa kutoka kichwani. Kwa sababu mathe ndiye alikuwa anajua maana ya hilo neno, na yule kijana hakuwa anajua.

Hapa kwetu, kutoka Naivasha, Gilgil, hadi Nakuru, kila mtu anajua casual ni nani. Ni yule anayeamka saa kumi na moja asubuhi, anasimama nje ya geti ya shamba la maua ama kiwanda ama mjengo, anangoja mtu amnyooshee kidole. Leo akichaguliwa, hakuna aliyemuahidi kesho. Kiswahili kinamwita kibarua. Wengi wetu tumelelewa na hiyo pesa, kwa hivyo kabla hujalitumia kama tusi, jua unaongea juu ya nani.

Kwa gemu neno limegeuzwa. "Casual" ni mtu anayecheza akipata nafasi. Hajui bunduki gani ndiyo kali msimu huu, hana skini, ranki yake iko pale chini na hajali. Na "serious" ni yule aliye ndani kila siku, ana kila kitu, anasukuma ranki kama anasukuma mkokoteni.

Mimi nasema mmebandika jina kwa mtu mbaya. Kati ya hao wawili, kibarua ni yule serious.

Angalia nani anapiga ripoti asubuhi

Chukua siku ya mtu serious. Kuna zawadi ya kuingia kila siku. Ukikosa moja, hesabu inakatika unaanza upya. Kuna misheni za kila siku: ua watu watano kwa bunduki fulani, endesha gari umbali fulani, cheza mechi mbili na rafiki. Kuna misheni za wiki. Halafu kuna pasi ya msimu, ambayo umelipia kwa pesa yako, na shika hapa: baada ya kulipia ndiyo unaanza kuvifanyia kazi vile vitu ulivyonunua.

Hebu fikiria uende duka la viatu pale Kenyatta Avenue. Unalipa. Muuzaji anakwambia sawa kijana, viatu utapata kimoja kimoja, ukija kunifagilia duka siku 50, na usipomaliza kabla ya tarehe fulani, kile cha kushoto kinabaki hapa. Si ungemuitia watu? Lakini kwa simu unasema asante na unaweka alamu usichelewe kufagia.

Msimu ukiisha, ranki inashushwa. Ulikuwa juu, unarudishwa nyuma, panda tena. Kibarua wa mjengo akimaliza nyumba, nyumba inabaki imesimama, anaweza kupita nayo na matatu miaka 10 baadaye amwonyeshe mtoto wake, "Hiyo nilijenga mimi." Wewe jengo lako linabomolewa kila baada ya miezi kadhaa, na unaita hiyo maendeleo.

Pesa nayo wanaigeuza kwanza iwe almasi, sarafu, sijui pointi gani, ndiyo usihesabu kwa shilingi. Nyingi ya vitu vizuri huuzi wala hununui moja kwa moja. Unazungusha gurudumu ama unafungua sanduku na kuomba Mungu. Sisi hiyo tunaijua kitambo. Inaitwa pata potea. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema wazi kwamba masanduku ya bahati ya kulipia ni kamari kwa sheria yao, na kampuni kadhaa kubwa zikayatoa kwa wachezaji wa huko. Hapa kwetu jamaa wa pata potea akiona askari wa kaunti anakunja meza anapotea kwa umati. Huyu wa kwa simu hana haja ya kukunja.

Hii naiongea kwa sababu nilikuwa ndani

Msidhani nawahubiria kutoka juu. Nilikuwa kibarua miaka miwili na nilikuwa mzuri.

Gemu nyingi hufungua siku mpya saa sita usiku kwa saa ya UTC. Kwetu hapa hiyo ni saa tisa usiku. Nilipokuwa chuo, mwaka wa pili, nilikuwa naweka alamu saa tisa. Naamka, nafanya misheni chini ya blanketi ndiyo mwenzangu wa chumba asisumbuke na mwangaza, nalala saa kumi na moja, CAT iko saa mbili. Pesa ya kujikimu ikiingia, cha kwanza ni bando, cha pili ni pasi, chakula kitajipanga. Kuna muhula nilikula githeri na chai mkavu wiki tatu nikiwa na skini moja ambayo watu walikuwa wananifuata kwa chati kuniuliza niliipata aje. Nilijiona mkubwa, manze.

Sitasema gemu ndiyo ilinitoa chuo. Karo ndiyo ilinitoa, na uzembe wangu ukaisaidia kubeba mizigo. Lakini yale masaa niliyaweka mahali, na nilijua nayaweka wapi.

Halafu simu ikaibwa kwa matatu. Ile akaunti nilikuwa nimeiunganisha na baruapepe ya zamani ambayo nywila yake nilishaisahau. Nikawaandikia wenye gemu. Nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, jibu lile lile. Mara ya tatu, lile lile, neno kwa neno. Miaka miwili, kwisha. Gemu siitaji jina, kwa sababu nyingine nyingi masharti yao ni hayo hayo. Soma siku moja yale maandishi madogo uliyobonyeza "nakubali". Utakuta skini si yako. Umepewa ruhusa ya kuitumia, na wao wanaweza kuifunga.

Sasa linganisha na mathe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na hajaandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Lakini kifungu cha 37 kinaendelea: mtu huyo akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, kazi yake inahesabiwa kuwa ya mkataba wa kulipwa kwa mwezi, na anaanza kuwa na haki. Mabosi wanaikwepa, najua, wanakutoa wiki moja wanakurudisha. Lakini iko kwa karatasi, na watu wamewahi kuenda kortini nayo. Kibarua wa shamba la maua ana kifungu cha 37. Wewe unayeingia kila siku tangu 2019 una kifungu gani?

Na yeye analipwa. Wewe unalipa ndiyo uruhusiwe kufanya kazi.

Lakini ranki yangu ni jasho langu

Nakusikia. Twende hapo kwa ranki.

Hizi hesabu za ranki hazikuanzia kwa simu. Babu yake ni mfumo wa Arpad Elo, profesa wa fizikia Marekani, mzaliwa wa Hungary, aliyeutengenezea mchezo wa chesi. Shirikisho la chesi duniani, FIDE, liliuchukua mwaka 1970. Wazo lake lilikuwa rahisi na safi: kila mchezaji apewe namba inayokadiria nguvu yake. Ukimshinda mtu mkali unapanda sana, ukimshinda mtu dhaifu unapanda kidogo. Kwa gemu za mtandaoni namba kama hizo zikawa njia ya kukutafutia mtu mnayefanana.

Sasa fikiria hiyo hesabu inamaanisha nini. Kama mfumo unafanya kazi sawasawa, kila mtu anakutana na wa saizi yake, kwa hivyo utashinda karibu nusu na utapigwa karibu nusu. Ukipanda, wapinzani wanapanda na wewe, unarudi kwa nusu kwa nusu. Raha ya mechi ngumu iko pale chini na iko pale juu. Yule "casual" wa ranki ya shaba aliyeshinda kwa pumzi ya mwisho moyo wake ulipiga kama wako tu. Namba ilikuwa chombo cha kutafuta mwenzako. Kampuni wakaipaka dhahabu, wakaiwekea mabawa, wakakuuzia kama cheo.

Na hiyo namba, kwetu hapa, inapima vitu vingi ambavyo si mkono wako. Risasi yako inatoka kwa simu Nakuru, inapanda mnara, inaenda Nairobi, inashuka Mombasa, inaingia kwa nyaya za chini ya bahari. SEACOM na TEAMS zilifika pale 2009. Kabla ya hapo tulikuwa tunaegemea setilaiti. Halafu inafika kwa seva, ambayo mara nyingi iko nchi nyingine kabisa, na jibu linarudi njia ile ile. Ukiona pingi imeandika 150 na mwenzako aliye karibu na seva ana 20, yeye amekuona kabla wewe hujamwona. Ongeza simu: yake inaonyesha picha 90 kwa sekunde, yako inatetemeka kwa 30 na imekuwa moto kama pasi. Ongeza stima kupotea mkiwa mmebaki watatu. Ongeza bando ya saa moja iliyobakisha dakika sita.

Ukipanda na hayo yote, heshima, kweli una mkono. Lakini ukimcheka aliye chini yako, mara nyingi unacheka simu yake na mfuko wa babake.

Kuna kitu kingine hamkisemi. Gemu kama PUBG inashusha watu 100 kwa kisiwa na anabaki mmoja. Hiyo hesabu inahitaji watu 99 wa kupoteza, kila mechi, mchana na usiku. Mnadhani hao 99 wanatoka wapi? Ni hao casual. Ni yule anayecheza mechi moja akingoja chapati ziive. Siku hao wakiacha, mtakaa kwa foleni mkingoja mechi ijae, na ikijaa itajazwa na boti. Kwa matoleo ya simu ranki za chini zimejaa boti tayari. Kwa hivyo mnamtukana mtu ambaye bila yeye hamna wa kushinda.

Casual wa ukweli nawajua

Anti yangu ana saluni Free Area. Ako na Candy Crush kwa simu miaka na mikaka. Hiyo gemu inakupa maisha matano. Ukiyamaliza, kila moja linarudi baada ya nusu saa, ama unalipa. Yeye huweka mteja rangi ya nywele, anacheza, maisha yakiisha anaweka simu kwa droo, anasuuza mteja. Hajawahi kulipa hata bob. Nilimuuliza siku moja, "Anti, haikusumbui ikikufungia njiani?" Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ujinga. "Inifungie nini? Si ni mimi nimefunga droo."

Hakuna mtu amewahi kumwita mchezaji. Kwa midomo ya wasee wengi "casual" ni njia ya heshima ya kusema "gemu za akina mama". Lakini miaka hii yote kampuni imemtegea kila mtego inaoujua, na haijapata shilingi yake. Nionyeshe pro mwenye rekodi kama hiyo.

Wa pili ni jamaa wa boda kwa stage yetu. Anacheza eFootball mtandaoni, na ni mkali, hiyo nakubali, amenifunga vibaya. Lakini mteja akitokea anafunga simu. Anaweza kuwa anaongoza mbili bila dakika ya 80, anafunga, anahesabiwa amepoteza. Nikamwambia mbona usiombe mteja dakika mbili. Akasema, "Huyo mteja ni mia ya leo. Hao wa kwa simu hawajui hata jina langu." Ranki yake ni ya kuchekesha. Mkono wake si wa kuchekesha. Kwa hivyo hata hiyo hadithi ya kwamba casual ni mtu asiyejua kucheza ni uongo. Casual si kiwango cha kucheza. Casual ni nani ameshika mlango: wewe ama gemu.

Na kabla ya bando, sisi wote tulianzia wapi? Kwa kibanda cha PS mtaani. Unalipia mechi, aliyefungwa anatoka, mshindi anabaki kwa kiti, wengine mko nyuma mnapiga kelele. Kulikuwa na wafalme pale, kila mtaa ulikuwa na wake. Lakini mfalme akiitwa na mamake alikuwa anaweka pedi chini anatoka mbio, na hakuna aliyemwita casual. Kesho alikuja akakuta ufalme wake uko. Hakuna aliyemshusha cheo kwa sababu alienda kuteka maji.

Nenda mbali zaidi. Hapa nje tu ya Nakuru, njia ya Nairobi, kuna Hyrax Hill. Wengi tulipelekwa huko na shule ya msingi tukakumbuka soda pekee. Mary Leakey alichimba pale 1937 na 1938. Na kwa mawe ya pale kuna safu za vishimo vilivyochongwa, ubao wa bao, kwa mwamba wenyewe. Watu wa hapa walikaa chini, wakacheza, wakainuka wakaenda kuendelea na maisha. Mwamba haukuwatumia ujumbe, "Tumekukosa, rudi upate zawadi yako." Ubao bado uko. Skini yangu ya githeri haipo.

Sasa maswali yenu

Moja: "Bila kujitesa hatungekuwa na mapro." Kweli. Sylvia Gathoni, QueenArrow, alisajiliwa na timu ya UYU mwaka 2018 akicheza Tekken 7, dada Mkenya kwa timu ya nje. Huyo namvulia kofia. Lakini angalia tofauti. Mtu kama huyo anaingia mashindano yenye tarehe, anajenga jina ambalo ni lake, na kuna timu iliyoweka mkono wake kwa karatasi. Hiyo ni kazi, na ina jina la kazi. Kama wewe ndiyo unaelekea huko, una ratiba, unajua mashindano yako ni lini, na nyumbani wanajua unafanya nini, basi songa, nitakuja kukushangilia. Shida yangu ni yule wa katikati: hana mkataba wa pro na hana uhuru wa casual. Anafanya masaa ya huyu kwa mshahara wa yule. Huyo ndiye mimi nilikuwa, na huyo ndiye wengi wenu.

Mbili: "Casual wanaharibia timu." Hapa mko na haki, na sitawatetea. Ukiingia mechi ya ranki na watu watatu wengine ukijua dakika tano zijazo unaitwa kununua unga, umewaibia dakika zao. Uhuru wako hauna ruhusa ya kukalia uhuru wa mwingine. Casual wa heshima anacheza mechi za kawaida, ama anasema mapema, "Nina moja tu." Ndivyo nilifanya Jumanne, na mechi yao niliimaliza, nimekufa lakini nimeimaliza. Aliyechukia ni kwa sababu sikutaka ya pili, ya tatu, na ya nne.

Tatu: "Ni pesa yangu, ni wakati wangu." Pia sawa. Sitaki serikali iingie. China, kuanzia Septemba 2021, watoto chini ya miaka 18 waliruhusiwa saa moja tu, kuanzia mbili usiku hadi tatu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mimi sitaki mtu wa Nairobi anipimie raha yangu kwa saa. Lakini kama hutaki wengine washike saa yako, ishike mwenyewe. Sasa hivi imeshikwa na mtu wa tatu ambaye hamjawahi kukutana, na anaamka na data yako.

Na swali la nne najiuliza mwenyewe, kwa sababu hamkuniuliza. Mimi niko na mkono kwa hii. Klipu zangu za kwanza zilizovuma ni zile nilikuwa nawacheka watu wenye nguo za bure. "Angalia huyu nubu, hata shati hana." Mlicheka, nikapata wafuasi. Mwaka jana kijana mmoja wa Form Three akaniandikia, kwa furaha kabisa, kwamba amekaa bila lunch mwezi mzima ameweka pesa na amenunua pasi, sasa siwezi kumcheka. Alinitumia picha ya skrini kama mtoto anayeonyesha mzazi ripoti. Nilikaa na hiyo ujumbe muda mrefu. Nikakumbuka githeri na chai mkavu. Nilikuwa nimemfundisha hiyo njaa na sikuwahi hata kumwona uso. Zile klipu nimezitoa. Hii ndiyo ya kuziba pengo, na najua haitapata nusu ya watazamaji.

Kipimo

Kwa hivyo usiniambie ranki yako. Niambie haya. Ukikaa siku saba bila kuifungua, kitu gani kitapotea? Kama jibu ni "hakuna, nitaimiss tu," wewe ni mchezaji. Kama jibu ni orodha, zawadi ya siku, misheni, pasi inaisha tarehe fulani, kilabu watanitoa, basi ndugu yangu, dada yangu, una kazi, na bosi wako hakulipi.

Mimi bado nacheza. Nilifungua akaunti mpya, jina la ovyo, nguo ni zile za bure. Shati sina. Mechi mbili jioni, tatu kama sistangu ameshafika nyumbani. Nimeanza kufurahia tena vitu nilikuwa nimesahau: kuruka na parachuti mahali pabaya makusudi, kuendesha gari hadi baharini, kumwachia mtu dawa na kukimbia.

Na kwa yule kijana wa Jumanne, kama inakufikia: hukunitusi. Siku utaacha hiyo alamu ya saa tisa, nitafute. Tutacheza moja.

Mathe naye nilimwambia ukweli, kwamba sijapata casual, ni gemu. Akarudi kwa sukuma yake. "Hiyo ya kutolipwa," akasema, "hata hapa jikoni iko. Kuja ukate kitunguu."